Programu yako itawaka Arua bila wewe?

Safu ya Shangazi wa Kompyuta: maswali ya wasomaji

Kila nikigusia programu huria katika safu hii, barua huongezeka. Nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: programu nimeiandika, kwenye kompyuta yangu inafanya kazi, sasa nawapaje wengine? Nimechagua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Majina ya waandishi nimeyaacha, kama kawaida yetu.

*

Shangazi, salamu kutoka Busia. Nimeandika programu ya kutunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaouza mahindi na maharagwe hapa mpakani. Nimetumia lugha ya Python na hifadhidata ya SQLite, na haihitaji intaneti. Mama yangu ni mwanakikundi, ndiye aliyenisukuma. Sasa vikundi vya Tororo na Mbale vinaitaka, nami sina nafasi ya kuzunguka kote nikiisakinisha. Nataka iwe huria: mtu aichukue, aitumie, aiboreshe. Rafiki yangu anasema nipakie tu GitHub, ile tovuti ya kuweka msimbo, kazi imekwisha. Ni kweli?
*Kijana wa mpakani, Busia*

Kijana wangu, rafiki yako amekupa hatua moja kati ya nyingi, tena si ya kwanza.

Anza na leseni. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukiwekwa hadharani bila leseni watu wanaweza kuusoma, lakini hawana ruhusa ya kuuchukua na kuubadilisha. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Uganda, ya 2006, inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo unaanza palepale unapoiandika, bila kusajili chochote. Kwa hiyo ukinyamaza, sheria inakusemea, na inachosema ni kwamba hairuhusiwi. Mtu makini wa Tororo ataiona programu yako, atatafuta leseni, asipoikuta atafunga ukurasa. Asiye makini ataichukua bila kuuliza. Utakuwa umewafukuza wale uliowataka na kubaki na hao wengine.

Leseni ni nyingi, ila kwa mradi kama wako uchaguzi ni wa mbili tatu. MIT ni fupi, haijazi hata ukurasa: fanya utakalo, hata kuuza, mradi uache jina langu na maneno haya, wala usinidai ikiharibika. Apache 2.0, ya 2004, inakwenda njia hiyohiyo lakini ina kifungu cha hataza, yaani haki za uvumbuzi, ndiyo maana kampuni kubwa huipenda. GPL, ambayo Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, aliitoa mara ya kwanza 1989 na toleo lake la tatu likatoka 2007, ina sharti zaidi: anayesambaza programu iliyotokana na yako lazima atoe na msimbo wake, kwa leseni hiyohiyo. Jiulize hivi: kampuni ya Kampala ikichukua kazi yako, ikaipaka rangi, ikauficha msimbo na kuviuzia vikundi vya akina mama, utacheka au utakosa usingizi? Ukicheka, MIT. Ukikosa usingizi, GPL. Mimi ningechukua GPL toleo la 3, kwa sababu programu inayohesabu pesa za watu inapaswa kukaguliwa na yeyote mwenye shaka nayo. GPL haizuii kuuza. Kuficha ndiko kunakozuiwa. Na siku ukiigeuza iwe huduma ya kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia wengi, ambayo vikundi vinaingia kwa simu, tazama AGPL, ndugu yake GPL, maana GPL ya kawaida haimlazimishi anayeendesha programu kwenye seva yake kumpa mtumiaji msimbo.

Maandishi ya leseni yabandike yote, kama yalivyo, kwenye faili iitwayo LICENSE. Usiyapunguze. Na usitunge leseni yako mwenyewe, hata ukishikwa na huruma. Niliwahi kusoma moja iliyosema programu ni bure kwa maskini, matajiri walipe. Nani atampima nani? Isitoshe, ufafanuzi wa Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa 1998, unakataza kubagua watu au aina ya matumizi. Ukiweka sharti la namna hiyo, programu yako inaweza kuwa nzuri, lakini huria si.

Sasa, kabla hujapakia hata faili moja, fungua folda yako uitazame. Nadhani sikosei nikisema mna faili ya SQLite yenye majina halisi ya akina mama, namba zao za simu, na nani anadaiwa kiasi gani. Hiyo haitoki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inayohusu mambo haya. Na kabla ya sheria kuna mama yako: siku soko zima litakapojua ni nani hajarudisha mkopo, si wewe utakayesutwa pale sokoni, ni yeye.

Wala usidhani kufuta kunatosha. Chini ya GitHub kuna chombo kiitwacho Git. Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, na kazi ya Git ni kukumbuka kila badiliko. Faili uliyoifuta leo bado imo katika historia ya jana, na anayejua amri mbili ataitoa. Kwa mradi wako, ambao haujawa na wachangiaji, dawa rahisi ni kunakili faili safi kwenye folda mpya na kuanza historia upya. Kisha weka faili ya .gitignore inayoiambia Git isiiguse kamwe hifadhidata ya kweli. Kama msimbo una nenosiri, au ufunguo wa huduma ya kutuma SMS, utoe uuweke kwenye faili ya mipangilio iliyo nje ya hazina, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git. Ufunguo uliokwisha kuonekana hadharani hauna tiba ya kufuta: ubadilishe kwanza kwa mwenye huduma, kufuta baadaye. Kuna mashine zinazopekua GitHub usiku na mchana zikitafuta funguo kama hizo.

Badala ya data ya akina mama, tunga data ya mfano. Hapa wengi huwa wavivu. Wanaweka wanachama watatu, wote wamelipa, wote wana heri. Mfano wako uwe na mwanachama aliyechelewesha mkopo, aliyepigwa faini, aliyetoka kikundini katikati ya mwaka akitaka akiba yake, na wawili wenye jina moja. Huko ndiko programu za hesabu huvunjikia, na mtu anayeipima programu yako atataka kuona umeyafikiria hayo.

Ndipo tufike kwenye README. Hii ni faili ambayo mgeni huisoma kwanza, mara nyingi ndiyo pekee anayoisoma. Wengi huijaza historia ya mradi na shukrani. Mgeni anataka kujua kwa haraka hii ni nini, ni ya nani, na kama imfae au aendelee na safari yake. Ningeanza yako hivi:

*Programu hii inatunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa: michango ya kila juma, mikopo, faini, na mgao wa mwisho wa mwaka. Inakaa kwenye kompyuta moja na haihitaji intaneti. Haitumi wala kupokea pesa za simu. Haijatengenezwa kwa ajili ya SACCO yenye matawi. Inatumiwa na kikundi kimoja. Kabla ya kuiamini, endesha daftari la karatasi sambamba nayo kwa mzunguko mmoja.*

Ona sentensi zinazosema haifanyi nini. Hizo ndizo zitakazokupunguzia simu. Baada yake weka picha moja ya skrini, halafu jinsi ya kusakinisha, halafu jinsi ya kuandika mchango wa kwanza, halafu leseni na mahali pa kuuliza. Amri zote ziandikwe kamili, za kunakili na kubandika, na chini ya kila amri uonyeshe kitakachotokea kwenye skrini. Anayeanza hajui kama kimya cha kompyuta ni mafanikio au ni ajali.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, kwenye kompyuta ambayo si yako. Kaa nyuma yake, funga mdomo. Hapo ndipo kazi ilipo, kufunga mdomo. Nilifanya hivyo kwa mwongozo wa mradi mmoja nilioombwa kuukagua. Nilimpa binti wa kaka yangu, wakala wa pesa za simu hapa Bombo, mwepesi wa tarakimu kuliko mimi. Alikwama mstari wa pili, palipoandikwa “fungua terminali”, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri. Aliyeandika hakuwahi kufikiri kwamba neno hilo linahitaji maelezo, na nikimwuliza yeye angesema mwongozo uko wazi kabisa. Kila mahali mtu wako anapokunja uso, andika pembeni. Hizo ndizo sentensi unazopaswa kuongeza. Wewe peke yako huwezi kuziona, kwa sababu unasoma kile unachokijua badala ya kile ulichokiandika.

Na la mwisho kwako: fikiria bando. Mtu wa kijijini nje ya Mbale ananunua data ya siku, anaihesabu. Mwambie kwenye README atapakua megabaiti ngapi kabla hajabonyeza. Kama programu yako inategemea maktaba nyingine za Python, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, zikusanye kwa amri ya `pip download` kwenye folda moja, uzifunge pamoja na programu, na umwelekeze asakinishe kutoka folda hiyo kwa `pip install --no-index --find-links`. Hivyo mmoja anapakua, kumi wanapokezana kwa flashi. Mwongozo nao ukae ndani ya hazina yenyewe kama maandishi ya kawaida, usiwe tovutini peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Waliokuwa na mwongozo kwenye diski waliendelea na kazi.

*

Shangazi, mradi wangu ni wa kupanga foleni na dawa katika kliniki ndogo. Niko Kasese. Wahudumu wengi hapa wanaelewana kwa Kiswahili na Lukonzo, na wagonjwa kutoka upande wa Kongo Kiswahili ndicho chao. Wenzangu wa Kampala wanasisitiza kila kitu kiwe kwa Kiingereza, vinginevyo hakuna mtaalamu atakayechangia. Nifuate lipi?
*Dada wa mlimani, Kasese*

Dada, wenzako wanachanganya wasomaji wawili. Anayetumia programu na anayeitengeneza si mtu mmoja, na nyaraka zao si moja.

Mwongozo wa muuguzi uandike kwa Kiswahili moja kwa moja, usiandike Kiingereza kwanza ukakitafsiri. Tumia maneno yanayosemwa pale dirishani pa dawa. Maelezo ya ndani ya msimbo, na yale ya kumwelekeza mtengenezaji, yaweke kwa Kiingereza kama unatarajia wachangiaji wa mbali. README iwe na sura mbili: README.md, na README.sw.md ya Kiswahili, na mstari wa juu kabisa wa kila moja uelekeze kwa mwenzake. Pia andika mwanzoni mwa tafsiri kwamba ni ya toleo gani la programu. Tafsiri iliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kutokuwa nayo, hasa kwenye dawa.

Maneno yanayoonekana kwenye skrini usiyafukie ndani ya msimbo. Yatoe kwenye faili za kutafsiriwa, kwa mfano kwa mtindo wa gettext, ili anayejua Lukonzo aweze kuongeza lugha bila kugusa programu. Kuna Weblate, ambayo nayo ni huria, inayomwezesha mtafsiri kufanya kazi hiyo kwenye kivinjari. Miradi huria inaweza kuomba kuhifadhiwa huko bure. Tengeneza na orodha fupi ya istilahi, uamue mara moja kama ni “dozi” au “kipimo”, isije skrini moja ikasema hivi na nyingine vile.

Kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya pembeni, wakumbushe wenzako kwamba kimo kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Kwamba serikali imejikokota ni habari nyingine, na safu hii si ya siasa.

*

Binti yangu, hujambo. Mimi ni mweka hazina wa ushirika wetu wa wafuga nyuki, karibu na Arua. Kijana aliyetuandikia programu alitupa na mwongozo wa kurasa 40. Ukurasa wa kwanza unaeleza jinsi hifadhidata ilivyojengwa. Mimi nataka tu kujua jinsi ya kuandika kilo za asali alizoleta mtu. Tena nikimwambia programu imekataa, ananijibu “toa maelezo zaidi”. Maelezo gani?
*Mzee wa asali, Arua*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani, na ningependa kila anayeandika mwongozo aisome.

Tatizo la kurasa zile 40 si wingi, ni kwamba vitabu vinne vimeshonwa kuwa kimoja. Daniele Procida, mtu aliyeishughulikia sana kazi hii ya nyaraka, anazitenga aina nne, na utaratibu wake unaitwa Diátaxis. Kuna somo la kumshika mgeni mkono tangu mwanzo. Kuna maelekezo ya kufanya kazi moja, kwa mtu anayejua anataka nini. Kuna marejeo, yaani orodha kamili ya kila kitufe na kila safu ya jedwali. Na kuna ufafanuzi wa kwa nini mambo yalipangwa hivi na si vile. Wewe unataka ile ya pili. Ulichopewa kwanza ni cha nne, ambacho mwenye programu ndiye anayekifurahia.

Mwombe kijana ukurasa mmoja tu wenye kichwa “Siku ya kupokea asali”, uanze na mtu anapofika na ndoo yake na uishie anapopewa risiti. Kisha mwingine, “Siku ya malipo”. Mbili hizo zikichapishwa na kubandikwa karibu na mizani, zile 40 zinaweza kubaki kabatini.

Kuhusu “maelezo zaidi”, kijana anatafuta mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, ulitarajia kuona nini, na uliona nini. Kwa mfano: “Niliandika kilo 12.5 za mwanachama wa namba 31, nikabonyeza Hifadhi. Nilitarajia ionekane kwenye orodha. Badala yake yalitokea maneno mekundu, picha hii hapa.” Ongeza namba ya toleo la programu kama inaonekana. Ukimpa hayo akaendelea kukuuliza, kosa ni lake.

Nanyi vijana: kumwambia mzee “toa maelezo zaidi” ni kumtupia kazi yenu. Andikeni maswali hayo matatu kwenye fomu ya kuripoti hitilafu, ajaze.

*

Nimeajiriwa na kampuni Kampala. Usiku, kwa kompyuta ya ofisi, nimeandika maktaba ndogo ya kusoma ujumbe wa malipo ya simu na kuupanga kwenye jedwali. Naweza kuitoa kama programu huria bila kuwaambia?
*Mfanyakazi wa zamu, Nakawa*

Usijaribu. Kwa sheria ile ya hakimiliki ya 2006, kazi iliyofanywa katika ajira ni mali ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na kompyuta ya ofisi itawapa sababu ya kudai kwamba hiyo ni kazi ya ajira hata kama ulikuwa na nguo za kulalia. Soma mkataba wako. Kisha omba barua, yenye sahihi, inayosema kampuni haina madai juu ya maktaba hiyo, au inakubali itolewe kwa leseni fulani. Wakubwa wengi hukubali wakielezwa kwamba si siri ya biashara. Wanachokasirikia ni kuigundua wenyewe. Mpaka barua itakapopatikana, usiipakie.

*

Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Gulu. Nataka kuchangia miradi huria lakini msimbo wangu bado ni dhaifu. Nikirekebisha maelezo tu, itahesabika?
*Mwanafunzi, Gulu*

Mwanangu, itahesabika kuliko unavyofikiri. GitHub ilipowauliza watumiaji na wachangiaji wa programu huria mwaka 2017, asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema hawagusi nyaraka, au huzigusa kwa nadra. Shamba liko wazi.

Huna haja ya kwenda mbali. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, mizizi yake iko Eldoret, na UgandaEMR inayotumika katika vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake. DHIS2, inayotunza takwimu za Wizara ya Afya, inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na msimbo wake uko wazi. AirQo ya Makerere, wanaopima hewa chafu mijini, nao wana msimbo wao hadharani. Chagua mmoja ambao ungependa kuuelewa hata usipochangia.

Halafu fuata mwongozo wao wa kusakinisha tangu mstari wa kwanza, bila kuruka, ukiwa na daftari. Andika kila unapokwama na jinsi ulivyojikwamua. Ugeni wako ni mtaji wenye muda mfupi: baada ya mwezi mmoja utakuwa umezoea, na mashimo hutayaona tena. Kabla ya kutuma, soma faili ya CONTRIBUTING, uone wanataka mambo yafanywe vipi. Tuma rekebisho moja dogo, la sehemu moja, ueleze ulikwama wapi na kwenye mfumo gani wa kompyuta. Usitume marekebisho ya herufi kubwa na nukta katika faili thelathini kwa mpigo. Hakuna mwenye muda wa kuyakagua. Na majibu yakichelewa, kumbuka kwamba anayejibu huenda naye ana kazi nyingine mchana. Sijasema uvumilie milele. Baada ya majuma mawili ulizia kwa adabu.

*

Programu yangu ya ratiba za shule inatumiwa na shule kadhaa za Jinja na Iganga. Ni huria, iko GitHub, lakini mtengenezaji ni mimi tu. Walimu wananipigia WhatsApp hadi saa tano usiku. Nimechoka, na naogopa nikiacha itakufa.
*Mwalimu wa hesabu, Jinja*

Mwalimu, pole. Nianze na kisa cha mbali ambacho ni chako kabisa. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana faili, inayokaa ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin. Mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kusaidia mwaka 2021, wengine wakamshinikiza Collin aongeze mikono, naye akampa msaidizi huyo madaraka. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya XZ. Uchovu wa mtu mmoja nusura uwafungulie wezi seva za dunia nzima.

Sikwambii hivi ili uwaogope wasaidizi. Nakwambia uwatafute sasa, ukiwa na nguvu za kuchagua, na umchague mtu ambaye umeshaona kazi yake na unajua anaishi wapi. Mpe kwanza kujibu maswali, kisha kukagua mabadiliko, na funguo za kutoa toleo jipya ziwe za mwisho.

WhatsApp ihamishe. Swali lililojibiwa kwenye simu yako limejibiwa kwa mtu mmoja. Kesho mwalimu mwingine ataliuliza tena. Andika jibu mara moja kwenye ukurasa wa maswali ya kila siku, na kila anayekupigia mtumie kiungo cha jibu hilo, bila maneno mengi. Mwanzoni watanuna. Ukumbi wa majadiliano uuweke mahali pasipohitaji VPN. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na sijui kwa nini bado naona miradi ya hapahapa inayoelekeza wachangiaji huko. Kwenye README andika wazi: maswali hujibiwa Jumamosi.

Tena toa matoleo yenye namba na faili ya CHANGELOG inayosema kwa lugha ya mwalimu, si ya fundi, nini kimebadilika. “Ratiba ya darasa lenye walimu wawili haigongani tena” inaeleweka. “Marekebisho mbalimbali” haimwambii mtu chochote, na ndiyo inayokuletea simu saa tano usiku.

Na ukiamua kuacha, una haki. Andika mwanzoni mwa README kwamba hutunzi tena, tangu tarehe fulani, na kwamba leseni inamruhusu yeyote kuendeleza. Shule zina msimbo, zina mwongozo. Zitapata kijana wa kuushika.

*

Swali dogo: je, nitalipia kuweka mradi GitHub? Na kuna pengine?
*Mwenye haraka, Hoima*

Hulipi, hazina za wazi ni bure. GitHub ni mali ya Microsoft tangu 2018, na kama hilo linakukera, iko GitLab, na iko Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha biashara cha Berlin kwa ajili ya miradi huria tu. Kwa mradi mchanga ningekaa pale wachangiaji wako walipo tayari, na Uganda wengi wako GitHub. Ila washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili. Tangu 2023 GitHub imekuwa ikiwadai hivyo wanaochangia msimbo. Zile namba za dharura watakazokupa ziandike kwenye karatasi uifungie nyumbani. Ukizihifadhi kwenye simu yenyewe, siku ikichomolewa mfukoni pale Old Taxi Park zitakuwa zimekwenda nayo.